Kompyuta Ikiganda, Wao Wanacheka

Mke wangu alikuwa anacheka na mwanamume mwingine sebuleni kwangu, na kilichowapa nafasi ya kucheka ni kompyuta niliyoinunua mimi. Niliisindikiza mwenyewe kwenye mkokoteni kutoka mjini hadi nyumbani, nikimkaripia msukuma mkokoteni kwenye kila shimo. Meza yake niliipiga msasa mimi. Halafu ikaanza kuganda kila Jumamosi, na kila ikiganda, wao wanacheka. Nasema wazi tangu mwanzo kwamba nilikuwa na wivu, ili msomaji asipoteze muda kunitafutia neno la heshima zaidi.

Ilikuwa miaka ile kahawa ya Mbinga ilipoanza kununuliwa na kila mwenye lori. Kampuni za watu binafsi zilikuja na mizani zao, vibao vyao na makarani wao, na mimi nilikuwa mmoja wa makarani hao. Baada ya misimu michache kampuni yetu ikafunga ofisi, ikauza viti, makabati na kompyuta ambayo meneja aliitumia zaidi kucheza karata. Nikainunua. Sikujua hata pa kuiwashia, lakini nilikuwa na mke anayejua. Alikuwa mpiga chapa wa serikali mpaka walipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa, akarudi nyumbani na vidole vyepesi visivyo na kazi. Nilimwekea kompyuta mezani, na haukupita muda walimu wakawa wanapanga foleni mlangoni kwangu kuchapisha mitihani. Siku hizo nilimwonea fahari. Nilikuwa natembea mjini kifua mbele.

Mke wangu ni Mnyasa, wa kijiji kilicho jirani na Lituhi, kule ufukoni mwa ziwa. Alipoolewa alipanda milima hii na nguo za joto la ziwani, akatetemeka mwaka mzima. Mama yangu alimfundisha Kimatengo shambani, wakifukia nyasi kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, na kabla mtoto wetu wa kwanza hajazaliwa alikuwa anamjibu mama kwa Kimatengo kilichonyooka kuliko cha dada zangu. Kanisani naye alihamia kwetu Wakatoliki, akauacha Uanglikana wake bila kelele. Kwa hiyo nilijua nimeoa mtu aliyehama kabisa, mzima mzima, na sikuwahi kujiuliza kama kuna kitu alikiacha nyuma.

Ndipo akaja Mwalimu. Namwita hivyo kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, ingawa alichofundisha ni kwaya tu. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya Waanglikana kule kijijini kwa mke wangu, amefiwa na mkewe, mrefu, mwenye mwanya kwenye meno na sauti inayotoka chini kabisa ya tumbo. Kanisa lao lilitaka kitabu kidogo cha nyimbo za zamani za Kinyasa, zile ambazo bibi zao waliziimba bila kuziandika popote. Nyimbo zilikuwa vichwani mwa watu, na kichwa kilichobeba nyingi kilikuwa chake. Akaambiwa kwamba Mbinga yuko binti wa kwao mwenye kompyuta, anayejua kuchapa na anayejua Kinyasa. Jumamosi moja akashuka kwenye lori la samaki, akapiga hodi kwangu akiwa na samaki wawili wakubwa aina ya mbasa, waliofungwa kwenye majani ya mgomba.

“Habari za hapa, shemeji,” akaniambia.

Shemeji. Mahari sikumpelekea yeye, na kwa wakwe zangu wote niliowahi kukaa nao mkeka mmoja sikuwahi kumwona. Lakini watu wa ziwani ndivyo walivyo: ukioa mmoja, ufuko wote unakuwa shemeji zako. Neno hilo lilipaswa kunituliza, maana kaka wa mtu hana hatari. Halikunituliza hata kidogo.

Kazi yao ilikwenda hivi. Mwalimu alikaa kwenye stuli kando ya mke wangu, akaimba mstari mmoja kwa sauti ya chini, mke wangu akauchapa. Akaimba wa pili, ukachapwa. Mimi nilikuwa pale pale kwenye kochi na redio yangu, nikisikiliza habari ambazo sizikumbuki. Unaposikia mwanamume anamwimbia mkeo sebuleni kwako, hata kama anaimba habari za Nuhu na safina, habari za dunia hazikuingii.

Kisha mashine ikaganda. Fundi wetu wa mjini alikuwa ametuwekea programu mpya, nzito, na tangu siku hiyo kompyuta ilikuwa inafanya kazi kama mtu aliyeshiba ugali. Mke wangu anagonga herufi, herufi haitokei. Kishale kimesimama katikati ya kioo. Ndani ya boksi kunasikika kitu kinasaga, kinanyamaza, kinasaga tena. Kuizima hakufai, kwani wimbo wote utapotea. Cha kufanya ni kungoja tu, na kungoja kwenyewe kulikuwa kurefu, mtu anaweza kwenda kuchota maji akarudi.

Basi katika kungoja huko wakaanza kuzungumza Kinyasa.

Niseme nilichokiona. Mke wangu wa Kiswahili alikuwa mtu wa maneno machache. Wa Kimatengo alikuwa mpole, mwenye adabu zote alizofundishwa na mama. Huyu wa Kinyasa sikuwahi kumwona. Aliongea kwa mikono. Alimkatiza Mwalimu katikati ya sentensi, akamwigiza mtu fulani anavyotembea, akajipiga paja, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga. Nilimwangalia kwenye nyumba niliyoijenga mimi, nikawa kama mtu aliyekuja kusoma mita.

“Mnacheka nini?” nikauliza.

“Mambo ya zamani tu,” akasema.

“Yapi hayo?”

Alijaribu, simdhulumu. “Kuna mzee mmoja kule kwetu alikuwa na mtumbwi wake...” Akasita, akamwangalia Mwalimu, wakaangua kicheko upya. Alipopata pumzi akanigeukia kwa huruma kabisa. “Kwa Kiswahili haichekeshi,” akasema.

Kompyuta ikazinduka, wakarudi kwenye wimbo. Mimi nilibaki na yule mzee na mtumbwi wake mpaka jioni.

Akawa anakuja karibu kila Jumamosi lori linapopanda. Mwezi wa saba, wakati baridi ya Mbinga haina mzaha na mtu wa ziwani, nilirudi kutoka shambani nikamkuta amevaa sweta langu. Si sweta lolote. Lilikuwa lile la bluu alilonifumia mke wangu mwaka tuliooana, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalivaa siku za sikukuu tu nisilichakaze. Mikono ilimfikia katikati ya kigasha kwa urefu wake.

“Mgeni wetu alikuwa anatetemeka, baba,” mke wangu akasema.

“Sawa,” nikasema. “Karibu sana, Mwalimu.” Nikatoka nje nikaenda kupogoa mibuni ambayo haikuwa na haja ya kupogolewa.

Na ugali wa muhogo ukarudi. Alikuwa ameacha kuupika zamani kwa sababu sisi huku tumezoea wa mahindi, na mama aliwahi kusema kwamba ule wa muhogo unavutika kama gundi. Sasa kila Jumamosi ulikuwa mezani, na wao wakiumega na kuusifia, nami nikiumeza kwa supu ya mbasa ambaye, lazima nikiri, alikuwa mtamu. Hilo nalo liliniudhi. Mtu unayemwonea wivu angalau angekuwa analeta samaki wabaya.

Nilichokiogopa nakijua vizuri. Mke wangu hakuwa mtu wa kujificha na mwanamume, na Mwalimu hakuwa mtu wa kuharibu jina lake la kanisani. Wala sikulala nikiwaza mambo ya aina hiyo. Niliogopa lori. Jirani yetu mmoja alikuwa na mke wa ziwani vilevile. Mke huyo alishuka kwenda msibani kwao, akakaa arobaini, akakaa na kipindi cha kuvuna, na mpaka leo hajapanda. Hakuna ugomvi uliosikika. Jirani alipomfuata aliambiwa tu kwamba amepumzika. Nilimwona mke wangu anavyoangalia lile lori likigeuza njia, akiwa amesimama mlangoni kumsindikiza Mwalimu, na nikajua kwamba kila Jumamosi moja inampunguza kwangu kidogo. Nilitaka abaki. Nilitaka kile kicheko pia, lakini hicho sikujua nitakipataje.

Nikamwendea fundi. Alikuwa na kibanda karibu na soko, anatengeneza redio, pasi na sasa kompyuta, mtu wa majigambo lakini mikono yake haikuwa mibaya. Alikuja akafungua boksi, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa kama daktari anayependa ugonjwa wake.

“Haina ubovu,” akasema. “Kumbukumbu yake ni ndogo. Sisi tunaiita ramu.”

“Kwani imesahau nini?” nikauliza, maana sikuwa na hali ya kufundishwa.

Alinieleza kwa mfano wa kahawa, na hapo nilimwelewa. Akasema mambo yote ya mke wangu yametunzwa vizuri mahali pengine humo ndani, ndilo ghala. Hii ramu ni kama meza ya kuchambulia. Kahawa inatoka ghalani, inamwagwa mezani, unachambua, unairudisha. Meza yenu ni ndogo, na ile programu mpya peke yake inaijaza. Kwa hiyo mashine inahangaika kupakua na kupakia, mnaiona imeganda. Alinionyesha kibao kimoja chembamba cha kijani kilichochomekwa kwenye mfereji wake, na pembeni yake mfereji wa pili uliokuwa wazi. Kingine kama hicho kingepatikana Songea, akasema, na kwa sababu bei haikuwa ya mchezo, nifikirie kwanza.

Nilifikiri kweli. Nilifikiri nikilima, nikafikiri nikila. Wivu una hesabu zake, na hazifanani na za fundi. Nikiongeza kumbukumbu, kompyuta haitaganda. Isipoganda, hakuna kungoja. Pasipo kungoja, hakuna mzee wa mtumbwi. Mwalimu ataimba, mke wangu atachapa, nyimbo zitakwisha, naye atarudi kwao na sauti yake. Hapo niliiona faida. Lakini nikageuza upande wa pili: kompyuta ikiwa nyepesi, sifa zake zitashuka mpaka ziwani, na kila kwaya ya ufuko ule italeta mwimbaji wake na mbasa wake. Badala ya shemeji mmoja nitapata kumi. Tena nitakuwa nimewanunulia mimi. Kuna siku nilidhamiria kuiuza kabisa, nikaona sura atakayonifanyia mke wangu, nikaacha.

Nikaamua kulipeleka jambo sengu. Sengu ni kikao chetu Wamatengo: wanaume wa ukoo mmoja wanakula pamoja kwa mkubwa wao, na mambo ya familia yanasemwa hapo chakula kikiwa katikati. Miaka ile nyumba nyingi zilikuwa zimeshaacha, kila mtu anakula kwake na redio yake, lakini kwa baba mkubwa wangu tuliishikilia bado, walau Jumapili. Nia yangu ilikuwa ya kijanja. Nilitaka wazee waseme wao kwamba mgeni asije tena, ili mimi niende nyumbani nimwambie mke wangu kwa masikitiko kwamba sengu imeamua.

Kosa langu lilikuwa chakula. Mke wangu, kama ilivyo desturi, alipika cha kwetu akakileta, akapiga magoti, akawaamkia wazee, akaondoka. Alikuwa amepika mbasa wa Mwalimu.

Nilisubiri mpaka wakala kidogo, kisha nikaeleza. Tulizungumza Kimatengo, nami naandika hapa kwa Kiswahili. Nikasema mashine yangu ni nzito, inakosa kumbukumbu, kuna mgeni wa ziwani anakuja kuchapiwa nyimbo, na kazi inachukua muda mrefu kupita kiasi. Sijui niongeze hicho kitu au niisimamishe kazi yenyewe.

Baba mkubwa alikuwa anachambua mwiba. “Huyo mgeni ndiye aliyeleta samaki huyu?”

“Ndiye.”

“Huwa analeta kila akija?”

“Kila akija.”

“Na mashine ikiwa nyepesi, atakuja mara chache zaidi?”

“Nadhani atamaliza mapema.”

“Basi iache ilivyo,” akasema, akarudi kwenye sahani. “Sioni ubovu wowote kwenye mashine hiyo.”

Wazee wengine wakaunga mkono, na nilidhani jambo limekufa. Lakini baba mdogo, aliyekuwa makanika wa misheni zamani na mdomo wake hauna breki, alikuwa ananiangalia tangu nilipoanza.

“Mwanangu,” akasema, “mashine inachelewesha kazi, au inamchelewesha mgeni kuondoka?”

Walicheka wote. Baba mkubwa alicheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongoni. Mimi nilitazama ugali.

“Usione haya,” baba mdogo akaendelea. “Hapa ndipo mahali pake. Umeona jambo la aibu? Kama kuna jambo, mtu wa ziwa tunamwita, tunamtoza mbuzi, yanakwisha.”

“Hakuna jambo,” nikasema. “Wanacheka tu.”

“Wanacheka.”

“Kwa lugha yao.”

Hapo nikaona kwamba kwa mambo ya kucheka hawakuwa na faini. Baba mdogo akafuta mikono. Akasema basi niongeze hicho kitu, mgeni amalize, mgeni aliyemaliza hana sababu ya kurudi. Baba mkubwa alilalamika kwa ajili ya samaki, lakini akashindwa.

Nilikwenda Songea mwenyewe, nikakinunua. Fundi akakichomeka kibao kipya mbele yetu wote wawili, na mke wangu aliinama karibu kabisa kuangalia, anauliza hiki ni nini na kile kinabana wapi. Nilifurahi kumwona amependa. Kompyuta ilipowashwa ilifunguka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

“Mashine imekuwa nyepesi,” akasema.

“Ni kwa ajili yako,” nikamwambia, na nusu yake ilikuwa kweli.

“Asante, baba.” Alisema kama mtu anayemshukuru nesi baada ya sindano.

Jumamosi iliyofuata nilikaa kwenye kochi langu nikiwa na raha kama mwenye kiwanja. Mwalimu akaimba, herufi zikatokea. Akaimba, zikatokea. Hapakuwa na mahali pa kuingiza neno. Wimbo ukaisha, wa pili ukaanza, wa tatu, na kabla ya saa sita Mwalimu alikuwa ameshakunywa chai na kuwahi lori linaloshuka mapema. Sweta langu lilibaki kabatini. Jumamosi nyingine ikawa vilevile. Walisalimiana kwa Kinyasa, wakaagana kwa Kinyasa, na katikati ilikuwa kazi. Nilikuwa nimeshinda, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nyumbani pakawa na amani ambayo sikuipenda. Mke wangu alifanya kila kitu kama kawaida. Alipika, alichapa mitihani, alinijibu kila nilipouliza. Nilijaribu kumchekesha kwa visa vya kahawa, vile ambavyo makarani wenzangu walivicheka mpaka machozi, akatabasamu mahali panapostahili. Sasa nilikuwa nimeshamwona yule mwingine, kwa hiyo tabasamu hilo lilinichoma. Kabla ya Mwalimu lingenitosha. Nikaanza kumwonea wivu mtu ambaye hata hakuwepo tena nyumbani kwangu kwa zaidi ya saa chache.

Kisha kompyuta ikarudi kuganda.

Ilikuwa Jumamosi, na nilikuwa nje nikianika kahawa. Nilisikia kwanza kimya, wimbo umekatika katikati. Halafu sauti ya mke wangu, ile ya mikono. Halafu kicheko. Niliingia ndani nikakuta kishale kimesimama na wao wamegeuziana viti. Mwalimu alinipa pole kwa mashine. Nikamshukuru kwa pole yake. Jumamosi ya pili ikaganda tena, safari hii zaidi, na lori la mapema likamwacha.

Jumatatu nikamleta fundi, nikimtupia maneno njia nzima kwamba kaniuzia takataka. Mke wangu alikuwa jikoni. Fundi akafungua boksi, akachungulia, akaniangalia mimi badala ya kuangalia mashine.

“Mzee, kile kibao kipya kiko wapi?”

“Kiko wapi vipi? Si ulikichomeka wewe?”

Akaniita nione. Mfereji wa pili ulikuwa wazi kama zamani. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba hajakigusa, na nikiwa na hasira nilitaja wezi, nikataja watoto wa jirani, na mwisho nikamtaja Mwalimu. Nilimtaja kwa sauti. Ndipo mke wangu akatokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

“Kimo kabatini,” akasema. “Kwenye kikombe cha maua. Nimekitoa mimi.”

Fundi alikusanya bisibisi zake haraka, akasema ana pasi ya mtu inayomngoja. Tulibaki wawili.

“Umekitoaje?”

“Nilimwona anavyokiweka. Kuna vishikizo pembeni, unavibana.”

“Kwa nini?”

“Mwalimu akimaliza haraka, anaondoka haraka.”

Alisema hivyo bila kuinamisha uso. Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu siku ya sweta, kama anampenda mtu huyo.

Alifikiri. Hilo ndilo lililoniua, kwamba alilifikiria swali langu kwa haki. “Simpendi hivyo unavyosema,” akajibu. “Angekuja bibi kizee wa kwetu badala yake ingekuwa hivyo hivyo. Angekuja mtoto. Napenda kuongea, baba. Huku juu naongea vizuri na kila mtu, na sijawahi kuongea.”

“Na mimi?”

“Na wewe naongea Kiswahili. Mama yako alinifundisha Kimatengo, Mungu amlaze pema, nikakishika kwa sababu nilikuwa nimekuja kukaa. Wewe kwetu umekuja mara ngapi? Ukija unakaa na wanaume, wanakutafsiria, unashiba, unaondoka. Salamu yenyewe hujui.”

Nilitaka kubisha. Nilitafuta salamu kichwani nikakosa.

“Unataka kurudi ziwani,” nikasema.

“Ningetaka kurudi ningepanda lori. Linapita hapa kila wiki, na nauli ninayo.” Akaenda kabatini, akakileta kile kibao, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa chepesi mno kwa kitu nilichokifuata Songea. “Hiki ni chako, umekinunua wewe. Kama unataka, kirudishe. Sitakitoa tena.”

Akarudi jikoni, maana ugali ulikuwa motoni.

Nilikaa mbele ya boksi lililofunguliwa nimekishika. Mfereji ulikuwa pale, vishikizo vyake viwili pale, hata mimi ningeweza. Angekuwa ni mwanamume aliyeniibia mke, sengu ingekaa, angeitwa, angetozwa mbuzi, tungekula yakaisha. Lakini aliyeninyang’anya alikuwa ziwa zima, na bibi zake na nyimbo zake na mitumbwi yake, na lilikuwa limemchukua kabla sijamjua. Ziwa unalitoza nini?

Jumamosi Mwalimu akaja. Nilimfungulia mlango mwenyewe, nikampa sweta la bluu mwenyewe kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na ukungu, nikaiwasha kompyuta. Ikaanza kusaga taratibu, kioo bado cheusi. Mke wangu alinitazama, kisha akaitazama mashine, akajua kibao sikukirudisha. Nikatoka kwenda kwenye mibuni, si mbali, mahali ambapo dirisha linasikika. Haukupita muda wakaanza, yeye ndiye aliyecheka kwanza, na mimi nilisimama pale na mkasi wa kupogolea, wivu umenijaa mpaka kooni, nikiomba mashine isizinduke mapema.